Kamera Mbili Ndogo: Ipi Imfaayo Mpiga Picha wa Kitale?

Kijana mmoja wa Kitale ameniuliza swali ambalo huenda likawafaa wengi. Ameweka akiba ya mahindi ya misimu miwili, naye ataka kununua kamera ndogo ya filamu iliyokwisha kutumika, ya namna ile ambayo mtu huona sura mbili ndani ya tundu, akazungusha lenzi mpaka zikawa moja. Amepata mbili: Leica CL na Minolta CLE. Achague ipi?

Kwanza na ajue kuwa kamera hizi ni ndugu. Leica CL ilitoka mwaka 1973, ikatengenezwa Japani na Minolta kwa mapatano na Leitz wa Ujerumani. CLE ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa ya Minolta peke yake. Zote hupokea lenzi za pete ya M, iliyoanzishwa na Leitz mwaka 1954. Basi aliyenunua lenzi njema hatapata hasara kubwa akibadili kamera.

CLE ina akili zaidi. Hupima mwanga na kuchagua mwendo wa kilango yenyewe, na hulenga umbali kwa usahihi zaidi. Lakini kilango chake huendeshwa kwa umeme: betri zikiisha, kamera imelala, na mtambo wake ukiharibika, vipuri vyake havitengenezwi tena.

CL nayo ina kipima mwanga kilichofanyiwa betri ya zebaki, ambayo nchi nyingi zimeipiga marufuku. Hata hivyo kilango chake huendeshwa kwa springi, nacho hufanya kazi bila betri yoyote.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Kijana huyu huteremka Bungoma mwezi wa Agosti, katika miaka ambayo Wabukusu hutahiri wana wao, yaani kila baada ya miaka miwili. Alfajiri mvulana hurudi kutoka mtoni amepakwa udongo, jamaa zake wakiimba. Mvulana hatahiriwa mara mbili. Kamera ikilala saa hiyo, baba yake aliyeomba picha ataambiwa nini?

Kwa sababu hiyo namshauri achukue CL, mradi awe tayari kujifunza kukadiria mwanga kwa macho na kuandika makadirio yake daftarini. Kama kazi yake ingekuwa arusi tu, mwanga ukibadilika kila dakika, ningemwambia CLE.

Kabla ya kulipa, afungue mgongo wa kamera na kusikiliza kilango katika kila mwendo. Kisha aelekeze lenzi kwenye kilele cha Mlima Elgon, pete ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa: sura mbili zisipokutana, airudishe kwa mwenyewe. Zikikutana, apige filamu mbili nzima za majaribio alfajiri, kabla Agosti haijafika.