Kompyuta Imesema

Siku hizi kuna mzee mpya katika kila ofisi. Mzee huyu habishiwi. Akisema umelipa, umelipa. Akisema hukulipa, basi hukulipa, hata kama ulitoa fedha mbele ya watu kumi. Jina lake ni kompyuta.

Sikiliza watu wanavyomtaja. Karani hasemi, "Nimekosea." Anasema, "Kompyuta imesema." Hasemi, "Leo hatuwezi kukuhudumia." Anasema, "Mtandao uko chini." Siku moja mzee mmoja wa kijijini kwetu aliambiwa maneno hayo. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kufuata fedha zake. Akainama, akachungulia chini ya meza.

"Uko chini wapi, mwanangu?" akauliza. "Njoo tusaidiane kuuinua."

Watu walicheka. Karani naye alicheka. Lakini mzee alirudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake alfajiri akaanza tena safari.

Mimi sichukii kompyuta. Hata simu ninayotembea nayo mfukoni ni kompyuta ndogo. Kutuma fedha kwa simu kulianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata kukaingia Tanzania. Kabla ya hapo, mwanangu aliyeko mjini alinitumia fedha ndani ya bahasha. Bahasha alimkabidhi dereva wa basi. Bahasha nyingine zilifika zikiwa nyembamba kuliko zilivyoondoka. Sasa fedha zinafika zote, na dereva anaendesha basi tu. Katika jambo hilo naishukuru mashine.

Lakini nataka tuelewane. Kompyuta ni karani. Ni karani mwepesi sana. Hachoki, haendi likizo, hatoki kwenda kunywa chai. Hata hivyo ni karani, na ana kasoro moja kubwa: haoni haya. Karani mtu akiambiwa aandike magunia 1,000 ya mahindi kwa mkulima wa ekari moja, mkono wake utasita. Atainua macho akuangalie. Kompyuta haisiti. Itaandika, itajumlisha, na karatasi itatoka safi kabisa, yenye mistari iliyonyooka.

Je, kompyuta inajuaje la kufanya? Mtu hukaa akaiandikia maagizo. Chukua namba hii. Jumlisha na ile. Toa hii. Maagizo hayo ndiyo huitwa programu. Kompyuta hufuata maagizo kama yalivyoandikwa, hata yakiwa ya kipumbavu.

Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo walichokirusha kwenda kwenye sayari ya Mirihi. Chombo hicho kiligharimu zaidi ya dola milioni 100. Sababu ya kukipoteza ingewachekesha hata wauza dagaa sokoni. Kundi moja la mafundi lilipiga hesabu za nguvu ya mitambo kwa kipimo cha ratili. Kundi la pili lilipokea hesabu hizo likidhani ni vipimo vya mita na kilo. Kompyuta haikuuliza, "Jamani, hizi ni ratili au kilo?" Mwenye duka hapa kijijini angeuliza. Chombo kiliikaribia sayari mno, kikapotea, hakikuonekana tena.

Mafundi huliita kosa lililojificha ndani ya programu "mdudu". Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mdudu wa kweli alikutwa ndani ya kompyuta. Alikuwa nondo, yule anayefanana na kipepeo na kuzunguka taa usiku. Mafundi walimbandika kwenye daftari la kazi. Kando yake wakaandika kwa mzaha kwamba huyu ni mdudu halisi, na amepatikana. Daftari hilo limewekwa katika jumba la makumbusho, na nondo yumo mpaka leo.

Wadudu wengine hawachekeshi. Nitakueleza mambo ya Uingereza, kwa sababu huko watu walifungwa jela kwa neno la kompyuta.

Katika vijiji vingi vya Uingereza kuna wakala wa posta. Mara nyingi ni mwenye duka. Upande mmoja wa duka anauza mkate na maziwa. Upande wa pili anauza stempu na kuwalipa wazee pensheni zao. Zamani wakala alipiga hesabu zake kwa karatasi na kalamu. Kuanzia mwaka 1999 posta ya huko iliwawekea mawakala kompyuta. Mpango wa kompyuta hizo uliitwa Horizon. Sasa kompyuta ndiyo iliyosema ni fedha ngapi zinatakiwa kuwemo katika sanduku. Zikipungua, wakala alidaiwa azilipe kutoka mfukoni mwake.

Basi zikaanza kupungua. Watu walioaminiwa miaka mingi wakaonekana wezi, huyu hapa na yule kule.

Mmoja wao ni Bibi Jo Hamilton, wa kijiji cha South Warnborough. Kompyuta yake ilisema zimepungua pauni 2,000. Akapiga simu kuomba msaada. Akaambiwa bonyeza hapa, bonyeza pale. Akabonyeza kama alivyoagizwa. Deni likawa pauni 4,000 mbele ya macho yake! Mwisho wake alidaiwa pauni 36,000. Aliweka nyumba yake rehani ili alipe. Alikiri mahakamani kwamba aliandika hesabu za uongo. Alikiri ili aepuke shtaka la wizi, maana aliogopa jela. Wanakijiji wenzake walimchangia fedha, wakafuatana naye mahakamani. Wao walimjua. Kompyuta haikumjua.

Wakala mwingine, Bibi Seema Misra, alifungwa jela mwaka 2010. Alikuwa mjamzito.

Kati ya mwaka 1999 na 2015 mawakala zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine waliuza nyumba zao. Wengine walihama vijiji vyao kwa aibu, kwa sababu watoto wao waliitwa watoto wa wezi. Wako waliojiua.

Labda unauliza, kwa nini hawakujitetea? Walijitetea. Lakini huko Uingereza, tangu mwaka 2000, mahakama ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe kwamba ina kasoro. Na nani wa kuonyesha? Ni huyo huyo muuza mkate. Aliambiwa athibitishe ubovu wa mashine ambayo hakupewa nafasi ya kuona undani wake. Ni sawa na kumwambia abiria athibitishe kwamba injini ya basi ni mbovu, naye amefungiwa nyuma pamoja na kuku.

Tena kuna neno moja lililowavunja nguvu kuliko hilo. Walipopiga simu kulalamika, wengi wao waliambiwa, "Ni wewe peke yako. Wenzako hawana matatizo." Kila mmoja aliambiwa hivyo katika kijiji chake. Kila mmoja akalala akijiuliza, "Labda mimi ndiye mjinga. Labda nimehesabu vibaya." Mamia ya watu, na kila mtu peke yake!

Ngoja nikuonyeshe mdudu mmoja wa Horizon alivyofanya kazi, maana wewe mwenye simu utamwelewa mara moja. Katika kijiji cha Dalmellington, huko Skotlandi, mwaka 2015, wakala mmoja alikuwa akiiambia kompyuta kwamba amepokea pauni 8,000. Kioo kikaganda. Akabonyeza. Kikabaki vile vile. Akabonyeza tena, na tena. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Kumbe kila alipobonyeza, kompyuta iliandika pauni 8,000 nyingine, kimyakimya. Mwishowe ikaonekana anadaiwa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwepo duniani.

Mtu aliyevunja upweke huo anaitwa Alan Bates. Yeye alikuwa wakala huko Wales. Alikataa kulipa deni la kompyuta, akanyang'anywa uwakala mwaka 2003. Badala ya kunyamaza akaanza kuuliza: je, niko peke yangu kweli? Mwaka 2009 mawakala waliodhulumiwa walikutana, wakaunda umoja wao. Baadaye mawakala 555 waliishtaki posta kwa pamoja. Mwezi Desemba mwaka 2019, Jaji Fraser alitoa hukumu. Alisema Horizon ilikuwa na makosa na kasoro. Alisema pia kwamba mafundi wa kampuni waliweza kugusa hesabu za wakala kutoka mbali, bila yeye kujua. Na kuhusu posta kushikilia kwamba mashine yake haina kasoro, alisema ni sawa na kushikilia kwamba dunia ni bapa.

Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za mawakala 39 kwa siku moja. Bibi Hamilton na Bibi Misra walikuwamo. Mwezi Januari mwaka 2024 televisheni ya huko ilionyesha mchezo juu ya habari hiyo, na nchi nzima ikawaka kwa hasira. Mwezi Mei mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia za mamia waliobaki. Hesabu miaka mwenyewe, kutoka 1999 hadi 2024. Mtoto aliyezaliwa siku mashine zilipofika, sasa naye angeweza kuwa na mtoto.

Hapa kwetu tuliwahi kuiogopa kompyuta mapema. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipotiwa katika mashine zilileta matatizo. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, na mimi sisemi irudi. Huchomi ghala kwa sababu ya panya. Lakini wazee wale walijua jambo moja ambalo vijana wa leo wamelisahau, kwamba mashine nayo inaweza kuvuruga hesabu, tena kwa haraka.

Siku hizi mkulima anaandikishwa kwenye kompyuta. Mbolea yake imo humo. Mauzo yake yamo humo. Zamani tulidhulumiwa kwenye mizani, kwa sababu hatukujua kusoma namba. Tukaingia darasani, tukajifunza kusoma mizani. Sasa namba zimehamia kwenye kioo, na kioo kimeelekezwa kwa karani. Sisi tunaangalia mgongo wake.

Msimu mmoja tulipeleka ufuta wetu kuuza. Tulipima, na kila mtu akapewa kikaratasi cha uzito. Wiki mbili baadaye tukaitwa kulipwa. Mbele yangu alisimama mama mmoja ambaye nimesoma naye darasa moja la kisomo. Karani aliangalia kioo, akahesabu fedha, akampa. Mama akazihesabu taratibu, noti kwa noti.

"Mwanangu, fedha hizi ni za kilo ngapi?"

"Kilo 68, mama."

Mama akafungua pindo la kanga yake. Akatoa kikaratasi, akakikunjua juu ya meza. Akaweka kidole.

"Soma hapa. Nane, sita. Kilo 86."

"Mama, kompyuta imesema 68."

"Kompyuta ilikuwepo tulipokuwa tunapima?"

"Hapana, mama."

"Mimi nilikuwepo."

Karani akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema labda ni kosa la kikaratasi hicho kimoja tu, maana watu wengine wote waliolipwa asubuhi hawakulalamika. Unaona? Ni wewe peke yako.

Mama hakumjibu. Aligeuka, akatuangalia sisi tuliokuwa kwenye foleni, na wale waliokwisha kulipwa ambao walikuwa wamekaa chini ya mwembe. Akapaza sauti:

"Jamani, nani mwingine bado ana kikaratasi chake?"

Mmoja akatoa cha kwake kwenye kofia. Mwingine akarudi mbio nyumbani kukichukua. Mimi changu kilikuwa ndani ya daftari. Mzee mmoja alikuwa amewashia kiko chake, na mpaka leo anajilaumu. Karani akavuta kiti, akakigeuza kioo upande wetu, nasi tukavipanga vikaratasi mezani kimoja kimoja. Ilikuwa saa tisa alasiri. Tukaanza kusoma.