Masuali Yenu: Kujitoa Katika Ununuzi wa Nyumba Baada ya Kufunga Mkataba

SUALI: Mimi ni mkazi wa Tanga. Nimenunua nyumba kwa bibi mmoja mjane, nyumba aliyoirithi kwa babake, kwa bei ya shilingi 40,000,000. Tuliandikiana mbele ya mashahidi. Yeye akasema ameuza, nami nikasema nimenunua. Nikatoa arubuni ya shilingi 4,000,000, na zilizobaki tukaagana nizilipe baada ya miezi 2. Karatasi yetu haikutaja neno lo lote juu ya kujitoa. Siku 9 baadaye nimeona nyumba nyingine, rahisi kuliko ile, na iliyo karibu zaidi na madrasa ya watoto wangu. Nimemtaka bibi yule anirejeshee fedha zangu. Amenijibu kuwa amekwisha kuzilipia deni la marehemu mumewe. Rafiki zangu wanasema kuwa madhali sijahamia, biashara haijatimia. Je, nina haki ya kujitoa na kurejeshewa arubuni yangu?

JIBU: Ndugu yetu amefanya vyema kuuliza kabla ya magomvi. Nasi twamjibu kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, na pale penye khitilafu kubwa tutaitaja.

Kwanza, waliyokwambia rafiki zako si sawa. Biashara haitimii kwa kuhamia. Hutimia kwa maneno mawili, la muuzaji na la mnunuzi, wote wawili wakiwa baleghe wenye akili, wameridhiana, na kitu kinachouzwa na bei yake vimejulikana. Lau mngesema "nitakuuzia" na "nitanunua", hiyo ingekuwa ni ahadi. Na ahadi, ingawa ni vibaya kuivunja, si mkataba. Lakini nyinyi mmesema "nimeuza" na "nimenunua". Tangu saa ile nyumba ni mali yako, na zile shilingi 36,000,000 ni deni shingoni mwako. Katika aya ya kwanza ya Suratul-Maida Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini kutimiza mikataba. Wala hakuvua humo mkataba ambao mtu amekuja kuona mwingine bora kuliko huo.

Wala asidhani mtu kuwa sharia haikumhurumia mnunuzi. Imemwachia milango mitatu ya kutokea kwa haki yake mwenyewe.

Mlango wa kwanza ni kikao. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amewapa wauzianao khiari maadamu hawajaachana. Imam Shafi na Imam Ahmad wameishika kwa dhahiri yake. Imam Malik na Imam Abu Hanifa hawakuikubali khiari hii. Imepokewa kuwa Abdullah bin Umar alipokuwa akinunua kitu kilichompendeza, alikuwa akiondoka akitembea hatua chache, ili biashara imalizike. Nyinyi mmekwisha kuachana siku 9. Mlango huu umefungwa.

Mlango wa pili ni sharti. Alikuwapo sahaba aitwaye Habban bin Munqidh, aliyekuwa akidanganywa katika biashara, Mtume (s.a.w.) akamfundisha kusema anunuapo kuwa pasiwe na hadaa, akampa na khiari ya siku 3. Basi mnunuzi aweza kushurutisha siku za kujifikiri. Imam Shafi hazidishi siku 3. Imam Malik hutazama kitu chenyewe, na nyumba huipa muda mrefu kuliko nguo au mnyama. Na Imam Ahmad amejuzisha muda wo wote uliojulikana. Wewe hukushurutisha hata siku moja.

Mlango wa tatu ni aibu. Nyumba ikidhihiri kuwa ina ufa uliofichwa kwa chokaa, au msingi ulioliwa na maji, au kipande chake ni cha jirani, mnunuzi ana haki ya kuirudisha, kwa sharti afanye hivyo mara ajuapo. Akijua kisha akakaa kimya akiitumia, haki yake imeanguka. Lakini wewe hukutaja aibu yo yote. Na nyumba ya pili kuwa rahisi si aibu ya nyumba ya kwanza.

Basi haki ya kujitoa huna. Kilichobaki ni hisani, nayo sharia imeipa jina: iqala, yaani wawili kuivunja biashara kwa ridhaa yao wote. Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kwa Abu Huraira hadithi ya kuwa amwachiliaye Mwislamu mwenzake biashara yake, Mwenyezi Mungu naye atamsamehe makosa yake. Hii ni fadhila kubwa, lakini ni fadhila ya kuombwa. Mwendee bibi yule kwa adabu, si kwa vitisho. Akikataa, hakudhulumu.

Tuje kwenye arubuni. Pana biashara ambayo mnunuzi hutoa fedha kwa sharti kwamba akinunua zihesabiwe katika bei, na asiponunua zipotee. Biashara ya sharti hilo ni batili kwa Imam Shafi, Imam Malik na Imam Abu Hanifa, kwani muuzaji hupata mali bila ya badala. Imam Ahmad ameijuzisha, na dalili yake ni nyumba kama hii yako: Nafi bin Abdul-Harith alinunua nyumba Makka kwa Safwan bin Umayya ili iwe gereza, kwa sharti kuwa Sayyidna Umar akiridhia biashara ni yake, na asiporidhia Safwan apate 400. Na mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Brunei, lilijuzisha arubuni ikiwa muda wa kungojea umewekewa mpaka.

Lakini karatasi yenu haina sharti hilo. Kwa hiyo zile 4,000,000 ni sehemu ya bei, na bibi yule amelipa deni la mumewe kwa mali yake halali. Ama biashara isimame, nawe umalize kulipa; ama ivunjwe kwa ridhaa, naye arejeshe zote bila ya kupunguza. Hawezi kuishika nyumba na fedha pamoja. Na akikubali kukuachilia, hali hana cha kurejesha leo, mngojee. Aya ya 280 ya Suratul-Baqara imeamrisha kumpa muda mwenye dhiki. Na dhiki hii, ndugu yetu, wewe ndiwe unayeitia nyumbani mwake.

Ikiwa hapana budi unaitaka ile nyumba ya pili, na bibi hakuridhia, iko njia iliyo safi: timiza mkataba, uipokee nyumba, kisha uiuze au uipangishe. Usiiuze kabla ya kukabidhiwa.

Na nyinyi vijana mnaojitayarisha kununua nyumba, kawieni kabla ya kusema "nimenunua". Itazameni nyumba mchana, na siku ya mvua, waulizeni majirani, itazameni hati. Kama muuzaji ana mke au mume na ile ndiyo nyumba wanayokaa, hakikisheni kuwa mwenziwe ameridhia, kwani Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imekataza kuiuza bila ya ridhaa hiyo. Shaurianeni na wake zenu, maana wao ndio wajuao umbali wa madrasa na soko. Mkiwa na shaka, shurutisheni siku zenu 3 na mziandike. Neno la kujitoa ni jepesi siku ya kuandikiana; baada ya hapo huwa ni deni, au ni ombi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.