Mzigo wa Umeme Ugawanywe kwa Haki, Simu za Upepo Zisinyamaze

Ni jambo lisilo na ubishi kwamba askari aliyekatikiwa mawasiliano ni askari aliye peke yake, hata kama nyuma yake kipo kikosi kizima. Doria iliyo porini Karamoja, kizuizi cha barabarani, kituo kidogo cha polisi kilicho mpakani, vyote hutegemea sauti itokayo katika chumba cha simu za upepo. Sauti hiyo ikikoma usiku wa manane, wakati msaada unaitwa, hakuna cheo wala silaha itakayoirudisha.

Kwa sababu hiyo leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi, maofisa kwa askari wa kawaida, juu ya jambo ambalo aghalabu huachiwa fundi peke yake, nalo ni namna mashine za kulisha umeme zinavyogawana mzigo na joto. Maoni yetu ni haya: mashine mbili zilizounganishwa sambamba hazigawani kazi kwa sababu tu zimewekwa pamoja. Mgawanyo hutengenezwa na mtu na hupimwa na mtu, na mwenye wajibu wa kuudai ni kamanda.

Tueleze kwanza hali ilivyo. Umeme wa gridi hapa kwetu Uganda hufika ukutani ukiwa na volti 240, ilhali simu za upepo kwa kawaida huhitaji volti 13.8. Kati ya ukuta na simu hukaa sanduku ambalo mafundi huliita pawasaplai. Zile za zamani zilikuwa nzito kwa ajili ya chuma na shaba iliyomo ndani yake. Za siku hizi ni nyepesi, kwa kuwa huukata umeme vipande vipande, makumi ya maelfu kwa kila sekunde, na kuutoa upya katika kipimo kinachotakiwa. Ni vyombo vizuri, na hatuna ugomvi navyo.

Simu ya masafa marefu yenye nguvu ya wati 100 hunywa ampea moja au mbili inaposikiliza, lakini hunywa takriban ampea 20 pale mtu anapobonyeza kitufe na kusema. Chumba chenye simu mbili za namna hiyo chahitaji ampea 40 zinaposema kwa wakati mmoja. Pawasaplai moja ya ampea 30 haitoshi, basi huletwa ya pili, ikaunganishwa waya kwa waya na ya kwanza, na katika daftari la vifaa huandikwa: ampea 60, akiba ipo. Hesabu hiyo ya daftari huwadanganya wenyewe walioiandika.

Pawasaplai imeumbwa ili ishike volti zake zisitikisike. Tuseme ya kwanza imewekwa volti 13.80 na ya pili 13.75, tofauti ndogo ambayo mita ya kawaida ya ubaoni haiwezi kuionyesha. Kama nyaya ni fupi na nene, ile ya kwanza itajitwika mzigo wote hadi ifikie kikomo chake cha ampea 30. Hapo ndipo volti zake hushuka, na ya pili huamka kubeba ampea 10 zilizobaki. Mzigo ukiwa mdogo, hiyo ya pili haibebi lolote. Ni sawa na askari wawili wanaobeba sanduku lililoning'inizwa kwenye mti: sanduku likiteleza kuelekea upande wa mmoja, yeye ndiye apindaye mgongo, na mwenzake hutembea tu, ingawa mtazamaji wa mbali huona watu wawili wakibeba.

Mashine iliyolemewa huchakaa kabla ya wakati wake. Siku itakapokufa, mzigo wote utaiangukia ya pili, nayo uwezo wake ni ampea 30 tu. Ikidaiwa ampea 40 itajilinda, ama kwa kushusha volti, ama kwa kujizima kabisa, na chumba chote kitanyamaza. La kutisha zaidi ni saa yenyewe ya msiba. Siku za shwari hakuna asemaye sana, ampea ni mbili tatu, na kila kitu huonekana kizima. Ni siku ya dharura, simu zote zinaposema kwa pamoja, ndipo kasoro iliyolala mwaka mzima hujitokeza.

Wahandisi wa umeme hawakuanza kulijua tatizo hili jana. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo huitwa Nalubaale, lina mitambo 10 ya kufua umeme inayofanya kazi sambamba. Katika mitambo mikubwa ya namna hiyo kanuni ya kugawana mzigo ni ya siku nyingi: kidhibiti mwendo huwekwa kwa jinsi ambayo kadiri mtambo unavyotwikwa mzigo ndivyo unavyoelekea kupunguza mwendo kidogo. Kwa kuwa mitambo yote imefungwa katika mwendo mmoja, hakuna unaoweza kunyakua mzigo wa wenzake. Mitambo ikinyimwa ulegevu huo mdogo, hugombana.

Pawasaplai nazo zaweza kufundishwa adabu hiyo hiyo. Tuseme kila moja imerekebishwa ili volti zake zishuke kwa nusu volti, kutoka hali ya bila mzigo hadi mzigo kamili wa ampea 30. Hapo tofauti ile ile ya volti 0.05 haileti tena ampea 30 kwa 10, bali 21.5 kwa 18.5. Kilichopotea ni nusu volti, ambayo simu ya upepo kwa kawaida huivumilia. Kilichopatikana ni mashine mbili zinazofanya kazi kweli.

Nyaya pia zina neno. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 10 za mraba una ukinzani wa takriban miliomu 1.7 kwa kila mita. Ni kitu kidogo, lakini pawasaplai moja ikiwa na waya wa mita moja na nyingine wa mita tatu, ile ya karibu itabeba zaidi. Hivyo nyaya za pande zote ziwe na urefu mmoja na unene mmoja, hata kama mmojawapo utalazimika kukunjwa. Pawasaplai zilizo bora zaidi huwa na waya wa ziada wa kupashana habari, na kila moja ikihisi kwamba imebeba pungufu kuliko mwenzake, hupandisha volti zake kidogo. Lakini waya huo hauungwi kwa kubahatisha. Mashine za aina mbalimbali huenda zisielewane, wala si kila pawasaplai imetengenezwa kwa ajili ya kuunganishwa sambamba. Kijitabu cha mtengenezaji kisomwe kabla ya koleo kushikwa.

Baada ya mkondo, tutazame joto. Hapa hata mafundi hodari huteleza, kwa kudhani kwamba ampea zikiwa sawa kila kitu ni sawa. Joto litokanalo na ukinzani huongezeka kwa mraba wa mkondo, yaani ampea 30 huleta joto mara mbili na robo kuliko ampea 20. Na ndani ya kila pawasaplai mna kapasita zenye majimaji, vikopo vidogo vya kutunza umeme, ambazo adui yao mkubwa ni joto. Kanuni waitumiayo mafundi ni kwamba halijoto ikipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Kapasita iliyothibitishwa kuishi saa 2,000 katika nyuzi 105 yaweza kuishi takriban saa 32,000 katika nyuzi 65, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu usiku na mchana. Katika nyuzi 75 itaishi saa 16,000, ambazo hazifiki miaka miwili.

Sasa fikirini pawasaplai iliyowekwa juu ya mwenzake. Hupumua hewa iliyokwisha kupashwa moto na ile ya chini. Iliyo dirishani penye jua la Moroto haiwezi kulingana na iliyo kivulini, wala yenye feni iliyojaa vumbi haiwezi kulingana na yenye feni safi. Ampea zaweza kuwa sawasawa, na bado mashine moja ikafa miaka miwili kabla ya nyingine. Kwa hiyo lengo lisiwe mkondo sawa tu, bali pia halijoto zinazokaribiana. Mashine ipatayo hewa mbaya ihamishwe, na kama haihamishiki, ipunguziwe mzigo.

Tena ipo hatari ya joto kujizidisha. Daiodi huwekwa kwenye mlango wa kutokea wa kila pawasaplai, ili moja ikiharibika isizivute nyingine chini. Jambo hilo ni jema na la lazima. Lakini daiodi ikipata joto hulegea: kwa kila nyuzi moja, volti inazozuia hupungua kwa takriban milivolti 2, basi hupitisha mkondo zaidi, na mkondo huo huileta katika joto zaidi. Dawa yake si ngumu. Daiodi zote zifungwe kwenye bati moja nene la kupozea, ili zishiriki joto moja.

Na je, akiba ni nini? Kwa mzigo wa ampea 40, pawasaplai mbili za ampea 30 si akiba, maana hakuna hata moja iwezayo kusimama bila mwenzake. Zatakiwa tatu. Zikigawana vema, kila moja hubeba ampea 13 na kidogo. Moja ikifa, mbili zilizobaki hubeba 20 kila moja, na mtu anayesema hewani hatajua kwamba kumetokea lolote. Wako wanaojitetea kwa betri iliyounganishwa pembeni. Betri ni rafiki mwema, lakini pia huficha ugonjwa, kwa kuwa hujaza pengo kimya kimya mpaka siku inapozeeka.

Watakuwepo watakaosema kwamba inunuliwe pawasaplai moja kubwa ya ampea 60, na habari ya kugawana iishe. Hoja hii ina uzito wake, kwani penye mmoja hapana ugomvi. Lakini penye mmoja hapana wa kumpokea pia, na siku ikiharibika chumba chote hunyamaza. Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kamanda ana mengi ya kushughulikia. Hatukubaliani nao. Kamanda si mtengeneza bunduki, lakini hukagua bunduki. Wala si daktari, lakini huuliza wangapi ni wagonjwa leo. Fundi asiyeulizwa namba hana sababu ya kuzipima.

Twatoa wito basi kwamba kila chumba cha simu za upepo kipewe mita ya kubana waya, iwezayo kupima mkondo wa aina ya betri, pamoja na kipimajoto. Vipimo vichukuliwe wakati simu zinasema, si wakati zimetulia, kwa kuwa mzigo mdogo hauonyeshi ukweli. Ampea na halijoto ya kila pawasaplai viandikwe katika daftari la kupokezana zamu, jina la mpimaji likiwa pembeni. Mashine yoyote ikiachana na wastani wa wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, fundi aitwe siku hiyo hiyo. Na penye akiba ya kweli, mara moja kwa mwezi, mchana na kwa taarifa, fundi azime pawasaplai moja kwa makusudi huku simu zikisema, ili ionekane kama zilizobaki zahimili. Ni heri kushindwa katika jaribio la mchana kuliko kushindwa usiku wa tukio.

Hatuna budi kutoa onyo moja. Askari wa zamu asifungue kifuniko cha pawasaplai kwa hamu ya kuona. Ndani yake mna volti zaidi ya 300, nazo hubaki kwa muda hata baada ya swichi kuzimwa. Kazi ya zamu ni kupima kwa nje na kuandika, na kazi ya kufungua ni ya aliyefundishwa.

Askari wetu wanajua haki ya kugawana mzigo kuliko watu wengi. Lindo lina zamu zake, na katika mwendo mrefu mzito wa kikosi hupokezwa kutoka bega hadi bega, kwa kuwa kila mtu anafahamu kwamba aliyelemewa peke yake ataanguka na kuwaangusha wenzake. Mashine hazina ulimi wa kulalamika, basi lazima mtu azisemee. Kesho asubuhi ofisa wa zamu aingie katika chumba cha simu na kuuliza kila pawasaplai inabeba ampea ngapi na ina joto kiasi gani. Asipopata jibu, aagize vipimo vichukuliwe kabla ya jua kuchwa.