Kichaka cha Shimba Hills na chupa za soko la Voi

Sokoni Voi dawa ya saratani haikosi. Huuzwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa: maji ya kahawia, mashapo ya magome yametua chini, na pembeni unga wa mlonge na majani makavu ya mwarobaini. Chupa haina lebo wala kipimo. Ukiuliza inatibu nini, orodha inaanzia maumivu ya viungo, inapitia kisukari, inaishia kwenye uvimbe wa titi. Wapo wanaotaka wauzaji hawa wafukuzwe, na wapo wanaosema hospitali zinaionea wivu miti yetu. Wote wanakisahau kisa kilichotokea hapa jirani, Kwale.

Miaka ya 1970 Wamarekani waliokuwa wakisaka dawa za saratani walivuna zaidi ya tani 27 za kichaka kiitwacho Maytenus buchananii huko Shimba Hills, kwenye nchi ya Wadigo. Walichokitaka ni maitansini, kemikali ambayo Morris Kupchan na wenzake waliitangaza mwaka 1972 baada ya kuipata kwenye mmea wa jamii hiyo kutoka Ethiopia. Maabarani ilikuwa kali ajabu. Tone dogo tu lilitosha kuvuruga nyuzi ambazo seli huzitegemea ili igawanyike. Lakini wagonjwa walipopewa, walitapika, wakaharisha, neva zikaumia, na uvimbe haukupungua kiasi cha kulipia mateso hayo. Dawa ikawekwa kando.

Mti ulikuwa na dawa kweli, na dawa hiyo ilikuwa sumu. Ilibidi ipite miaka mingi kabla wataalamu hawajaweza kuifunga kemikali ya ukoo wake kwenye kingamwili inayoitambua aina moja ya saratani ya titi, ili ifunguke ikishaingia ndani ya seli mbaya. Matokeo yake ni Kadcyla, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2013.

Ndiyo maana sishawishiki ninapoambiwa kwamba manjano au mwarobaini "umethibitishwa" kuua saratani. Umethibitishwa wapi? Kwenye kisahani cha maabara hata sabuni ya kufulia inaua seli. Kurkumini, kemikali iliyomo kwenye manjano, huonyesha nguvu katika majaribio ya namna hiyo, lakini ukiila, kidogo sana ndicho kinachofika kwenye damu, maana utumbo na ini huivunja mapema. Tena ini hilohilo ndilo linalozishughulikia dawa nyingi za kemotherapia. Mgonjwa anayechanganya dripu na supu ya magome bila daktari kujua anaweza kuzidishiwa dawa au kupunjwa, na hakuna atakayejua kwa nini.

Hata hivyo, kuwafukuza wauzaji hakutasaidia. Watauzia majumbani, na wagonjwa watazidi kuficha. Pia kuna dhuluma isiyopaswa kurudiwa. Kichaka cha Shimba Hills kilipovunwa, Mkataba wa Bioanuwai wa 1992, unaodai faida ya mimea igawanywe kwa haki, haukuwapo. Leo kemikali za jamii ya maitansini hupatikana kwa kufuga bakteria, kwa hiyo hakuna atakayerudi Kwale kununua hata jani. Anayesubiri kulipwa siku msitu utakapohitajika tena amechelewa. Maarifa yanalindwa kabla hayajatoka.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa serikali za kaunti kazi ya kuyasajili. Taita Taveta, yenye misitu ya Ngangao, Mbololo na Chawia na chuo kikuu chake hapo karibu na Voi, inapaswa kuitumia kwa bidii: wazee waandikwe pamoja na mimea yao, na sampuli zisitoke bila mkataba. Kwenye kliniki, kila mgonjwa aulizwe kwa upole anakunywa nini nyumbani, na jibu liandikwe kwenye faili. Na mama mwenye uvimbe wa titi akatwe kipande kidogo cha nyama kipimwe wiki ileile, hata kama lazima kaunti imlipie nauli ya kwenda Mombasa. Chupa ikimchelewesha miezi sita, hata dawa iliyotokana na ukoo wa kichaka cha Kwale huenda isimfae tena.