Tabasamu Si Haki

Mwaka jana nilikaa Dallas mwezi mmoja kwa binamu yangu, kisha Berlin wiki mbili kwa warsha ya waandishi. Niliporudi Nairobi kila mtu aliniuliza swali moja tu: wapi kuna watu poa?

Manze, Dallas. Kule mtu usiyemjua anakuuliza umeamkaje na kusifia viatu vyako. Berlin nilivuka barabara taa ikiwa nyekundu, bila hata baiskeli kupita, na shosho mmoja akanifokea kama mjukuu aliyeiba sukari.

Lakini hebu tuache hadithi za nani anacheka na nani amenuna. Binamu yangu alirudi kazini wiki nne baada ya kujifungua. Sheria ya taifa ya Marekani, ya mwaka 1993, inawapa baadhi ya wafanyakazi wiki 12 za likizo bila hata senti. Na kodi ya nyumba hailali. Hata hizo wiki nne alizipata kwa sababu wenzake walimchangia siku zao za likizo. Kila aliyenisimulia kisa hicho alikuwa karibu kulia kwa furaha. Mimi nilikasirika. Kwa nini mama ambaye mshono haujapona ategemee kupendwa na wenzake? Na yule asiyependwa je?

Ujerumani hakuna anayeuliza kama unapendwa. Mama aliyeajiriwa anapumzika wiki nane baada ya kujifungua, na analipwa. Jumapili maduka mengi yanafungwa na muuzaji yuko kwake. Sisemi huko ni mbinguni. Kwenye treni, behewa zima, ni mimi pekee niliyeombwa pasipoti. Haki zao nazo zina mlango, na mlangoni kuna askari.

Mbona nawaambia haya? Kwa sababu sisi ndio mabingwa wa kusifia moyo mwema. Mtu akilazwa tunafungua grupu la WhatsApp, tunatuma mia mbili mia mbili kwa M-Pesa, halafu tunajipongeza: Wakenya tunajaliana. Ni kweli, tunajaliana. Lakini harambee humfaa mwenye jamaa wengi na simu iliyojaa majina. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kwenye karatasi tumewapita Wamarekani mbali. Sasa mama mboga je? Mtu wa boda? Mimi ninayelipwa kwa makala, tena nikikumbukwa? Hatuna mwajiri, kwa hivyo hatumo.

Endeleeni kuchanga, hata mimi nitatuma. Ila mkishatuma, msifunge grupu. Ulizaneni humo humo: mwezi ujao akiugua mtu ambaye hakuna aliye na namba yake, atachangiwa na nani?