Barua za Michael Collins na Neno "Msaliti"

Muhula huu chama chetu cha mdahalo kilijadili mada hii: "Kiongozi akubaliye nusu ya alichodai ameiuza nchi yake." Mimi niliiunga mkono, na mfano wangu mkubwa ulikuwa Michael Collins wa Ireland. Nilimwita msaliti mara nne, na mara zote nne nikapigiwa makofi. Tukashinda. Siandiki kujisifu. Baada ya mdahalo mwalimu wetu wa Historia aliniazima kitabu cha barua ambazo Collins na mchumba wake, Kitty Kiernan, waliandikiana, kilichochapishwa mwaka 1983, na tangu hapo makofi yale hayanipi raha.

Kitty alikuwa binti wa Granard, mji mdogo katika kaunti ya Longford, ambako jamaa zake walikuwa na hoteli. Collins alifika huko mwaka 1917 kumpigia kampeni mgombea wa Sinn Féin, Joseph McGuinness, aliyekuwa kifungoni Uingereza. Mfungwa huyo alishinda kwa kura 37. Thelathini na saba tu! Bweni letu lina watu wengi kuliko hao. Sisi twapenda kudhani kwamba nchi hukombolewa na wakubwa katika miji mikuu, lakini watu wa Granard walilipa pia: Novemba 1920 askari wa Waingereza waliuchoma mji wao, na hoteli ile ikateketea.

Mwaka uliofuata, kuanzia Oktoba, Collins alikuwa London akijadiliana na serikali ya Lloyd George. Katikati ya kazi hiyo alimwandikia Kitty karibu kila siku. Barua nyingi ni za mtu mwenye haraka na uchovu: amekwenda kanisani kumwashia mshumaa, mbona barua yake imechelewa? (Sisi wa bweni twalijua vema swali hilo.) Tarehe 6 Desemba 1921 akatia sahihi mkataba. Ireland ilipata serikali yake, lakini wabunge wake wangeapa kuwa waaminifu kwa Mfalme, na kaunti sita za kaskazini ziliruhusiwa kujitoa. Bunge la Dublin liliukubali Januari 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57.

Miongoni mwa wale 57 alikuwamo Harry Boland, rafiki mkubwa wa Collins, ambaye naye alitaka kumwoa Kitty. Hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Mwanzoni mwa Agosti Boland alikufa kwa risasi ya askari wa serikali ya Collins. Tarehe 22 mwezi huo huo Collins naye akauawa huko Béal na Bláth, na waliomvizia walikuwa Waireland wenzake. Katika hao wawili, msaliti ni yupi?

Mwenzangu wa mdahalo asema barua za mapenzi si ushahidi, kwani mchumba mwema aweza kuwa kiongozi mbaya. Ni kweli. Nami bado naona mkataba ule ulipungua. Kaunti zile sita zimo katika Ufalme wa Uingereza hata leo. Lakini auzaye nchi hupokea bei, na katika barua zile nimeitafuta bei hiyo nisiione.

Kitty alizitunza mpaka alipofariki mwaka 1945.

Mada hii ikirudi muhula ujao, namwomba mwenyekiti anipange upande wa pili.