Mapenzi ya 1743 Yanatuhusu

Mwandishi aliyedai kwamba riwaya ya mapenzi ya kusafiri katika wakati haina la kumwambia msomaji wa Tarime au Serengeti, nadhani hajaisoma hata moja hadi mwisho. Achukue Outlander ya Diana Gabaldon, iliyotoka 1991. Claire, muuguzi wa vita, anatoka 1945 na kujikuta Uskochi ya 1743: koo zinaibiana ng'ombe, wanaume wanampangia ndoa, tiba yake inaitwa uchawi. Mkurya gani wa Tarime au Serengeti atahitaji kufafanuliwa hayo?

Claire anajua mambo yanaweza kuwa vingine kwa sababu ameyaona. Lakini binti wa kwetu anayekimbilia nyumba salama Mugumu au Masanga Desemba, msimu wa ukeketaji, huambiwa mila haibadiliki, ingawa sheria ya Tanzania ya 1998 inamlinda aliye chini ya miaka 18. Akikua akaisoma riwaya hii, atakuta mila zenye tarehe, zilizokuwapo zikapita.

Halafu kuna Jamie, mumewe. Anampiga Claire, na jamaa za Jamie wanaona ni haki yake. Baadaye anashika jambia na kuapa hatamwinulia mkono tena. Kurasa hizo ningependa wanaume wa Nyamongo wazisome kwanza.